Ukurasa Unaofunguka kwa Mwenzio na Kukataa Kwako

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku hizi mambo mengi makubwa ya mwanafunzi hupita katika intaneti. Matokeo ya mtihani hutangazwa na Baraza la Mitihani katika tovuti yake. Mhitimu wa Kidato cha Nne anayetaka kubadili tahasusi yake hufanya hivyo katika mfumo wa TAMISEMI uitwao Selform. Aendaye chuo kikuu hupeleka maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo kwa njia hiyo hiyo. Kila jambo katika hayo lina siku yake ya mwisho, na siku hiyo haimngoji mtu, awe anakaa Dar es Salaam au anakaa hapa kwetu Ukata.

Basi yafaa tujue sababu ya taabu moja iwapatayo watu wengi. Mtu hufungua ukurasa, nao hufunguka vizuri. Rangi zake zaonekana, nembo yaonekana, hata vifungo vyaonekana. Lakini orodha aliyoitaka haiji. Alama ndogo ya duara huzunguka, huzunguka, mpaka bando limekwisha. Mwenzake aliyeketi karibu naye, kwa simu nyingine, aona kila kitu. Hapo wengine husema mtandao ni mbovu, wengine husema tovuti imezidiwa na watu, na wengine husema kwamba simu ina mkosi. Huenda mmojawapo amesema kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii, nayo ni kivinjari.

Kivinjari ni programu tuitumiayo kusomea kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox, Safari, Edge au Opera. Watu wengi hudhani kwamba vivinjari vyote ni kitu kimoja chenye majina mbalimbali. La, sivyo. Katika makala hii nitajaribu kueleza jinsi vinavyotofautiana, na jinsi mtu awezavyo kuitafuta sababu ya taabu kwa utaratibu badala ya kukisia.

OMBI LISILONGOJEWA

Mama akiwa na mboga jikoni na kuona kwamba chumvi imekwisha, hazimi moto akafunga nyumba kwenda dukani. Humtuma mtoto, naye huendelea kukoroga na kuchochea kuni. Mtoto arudipo, chumvi hutiwa chunguni, wala hakuna kazi iliyosimama.

Kurasa za siku hizi hufanya vivyo hivyo. Ndani ya ukurasa mna programu ndogo zilizoandikwa kwa lugha iitwayo JavaScript. Programu hiyo hutuma ombi kwa seva, yaani kompyuta kubwa iliyowekewa habari, nao ukurasa huendelea na kazi zake bila kungoja. Jibu lirudipo, huwekwa mahali pake. Mathalani, ukichagua Mkoa wa Ruvuma katika fomu, programu huuliza seva majina ya wilaya. Mara waona Mbinga, Nyasa, Songea, Namtumbo na Tunduru, na ukurasa haukufunguliwa upya. Faida yake ni kubwa. Kazi huenda upesi, na bando halitumiki kuleta tena nembo na picha zilizokwisha kuja.

Lakini hasara yake ni moja, nayo ndiyo kiini cha taabu yote. Ukurasa mzima ukishindwa kufunguka, kivinjari hukuambia waziwazi. Ombi hili dogo likishindwa, mara nyingi hushindwa kimya kimya. Ni kama mtoto aliyetumwa dukani akakuta mto umejaa. Ikiwa mama hakupanga atafanya nini mtoto asiporudi, atangoja mpaka mboga zikauke. Kadhalika, aliyetengeneza ukurasa ikiwa hakuandika la kufanya ombi linaposhindwa, duara litazunguka bila mwisho, na msomaji hataambiwa neno.

KWA NINI VIVINJARI HAVIFANANI

Lugha ya JavaScript ilitungwa mwaka 1995 na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape, Marekani. Siku zile, ukitaka kuona neno moja jipya ilibidi ukurasa wote uletwe tena. Mnamo mwezi wa Machi 1999 kampuni ya Microsoft ilitoa kivinjari chake Internet Explorer 5, kilichokuwa na chombo cha kutuma maombi bila kuufungua ukurasa upya. Wenye Mozilla wakakitengeneza chombo kama hicho kwa namna yao, wakakiita XMLHttpRequest. Safari ikakipokea mwaka 2004, na Opera mwaka 2005. Microsoft wenyewe walikubali kukiita na kukitumia kama wenzao katika Internet Explorer 7, mwaka 2006.

Waona basi jambo lenyewe. Kazi ilikuwa moja, lakini kwa miaka kadha amri za kuifanya zilikuwa mbili. Mtu aliyeandika amri za Microsoft peke yake, ukurasa wake ulikufa ndani ya Firefox. Na aliyeandika amri za Mozilla peke yake, ukurasa wake ulikufa ndani ya Internet Explorer 6. Mwezi wa Februari 2005 Mmarekani Jesse James Garrett aliupa ufundi huu jina la Ajax, nao ukaenea kwa haraka, hasa kwa sababu watu walikwisha kuona kazi yake katika Gmail na katika ramani za Google. Mwaka 2006 John Resig alitoa programu iitwayo jQuery, ambayo ilimfaa mwandishi kama mkalimani: aliandika amri moja tu, na jQuery ikaieleza kwa kila kivinjari kwa lugha yake.

Tofauti nyingine ilikuwa ya idadi. Internet Explorer 7 ilifungua njia mbili tu kwa wakati mmoja kwenda kwenye seva moja. Toleo la 8 likafungua sita. Jambo hili laonekana dogo, lakini fikirini Tanzania ya kabla ya mwezi wa Julai 2009, wakati mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya intaneti kwenda ng'ambo yalipita kwa setilaiti, nayo husimama juu ya dunia kiasi cha kilometa 36,000. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka, jumla kilometa 144,000. Mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali moja na jibu lake huchukua karibu nusu sekunde njiani tu. Ukurasa wenye maombi ishirini, yakienda mawili mawili, hungoja sekunde tano. Yakienda sita sita, hungoja sekunde mbili. Mtandao ni ule ule na seva ni ile ile; kilichobadilika ni kivinjari.

MAGONJWA MATANO

Sasa tutazame sababu zenyewe. Nimezipanga tano, kwa kuwa nyingi za taabu hizi zaweza kuingia katika mojawapo.

La kwanza ni lugha mpya ndani ya kivinjari cha zamani. Baada ya XMLHttpRequest kilikuja chombo kipya kiitwacho fetch. Chrome ilikipokea mwezi wa Aprili 2015, Firefox mwezi wa Julai mwaka huo, na Safari mwezi wa Machi 2017. Internet Explorer haikukipokea kabisa, na tarehe 15 Juni 2022 Microsoft waliacha kukihudumia kivinjari hicho katika Windows 10 za kawaida. Basi kompyuta ya zamani yenye Internet Explorer, ikipewa ukurasa ulioandikwa kwa fetch, hufika kwenye neno isilolijua na kusimama hapo. Maandishi yaonekana, lakini ombi halikutumwa hata mara moja. Dawa yake ni kivinjari kipya. Kungoja hakusaidii kitu.

La pili ni akiba. Kila kivinjari huweka akiba ya majibu ya zamani ili kisiyalete tena kutoka mbali. Ni jambo jema, lakini lina hatari yake. Tuseme mzee amemtuma kijana chamani kuuliza bei ya kahawa. Kijana akumbuka jibu la jana, basi hafiki chamani, bali ageuka njiani na kumpa mzee bei ya jana. Internet Explorer ilijulikana sana kwa tabia hii: ilishika majibu ya maombi ya kuuliza kwa nguvu kuliko wenzake, hata watengenezaji wakazoea kuongeza namba inayobadilika mwishoni mwa anwani ili kila ombi lionekane jipya. Mwezi wa Septemba 2012, simu za iPhone zilipopata toleo la 6 la mfumo wao, Safari yake ilishika hata majibu ya maombi ya kupeleka habari, jambo ambalo watengenezaji hawakulitazamia. Dawa ya kweli iko kwa mwenye seva, ambaye hana budi kuandika katika jibu lake kwamba jibu hili lisiwekwe akiba. Mtumiaji yeye aweza kufungua ukurasa katika hali fiche, ambayo huanza bila akiba ya zamani.

La tatu ni mipaka. Wamatengo hulima ngoro katika miteremko, na kila shimo la ngoro hushika maji yake yasimwagike kwenda kubomoa shamba la chini. Vivinjari navyo, tangu Netscape ya mwaka 1995, vina sheria ya namna hiyo: programu iliyotoka katika tovuti moja isisome habari za tovuti nyingine bila ruhusa. Sheria hii ndiyo izuiayo ukurasa wa mwizi kusoma barua zako huku ukitazama mambo mengine. Lakini tovuti nyingi za halali zina ukurasa mahali pamoja na orodha zake mahali pengine. Hapo seva ya orodha sharti itoe ruhusa kwa maneno maalumu. Internet Explorer 8 na 9 zilikuwa na chombo chao wenyewe cha kuvuka mpaka, na toleo la 10 la mwaka 2012 ndilo lililofuata taratibu za wenzake. Tena viko vidakuzi, yaani alama ndogo ambazo tovuti huweka katika kivinjari ili ikutambue. Safari ilianza kuvibana vidakuzi vya tovuti za kando mwaka 2017, na mwaka 2020 ikavizuia kabisa. Chrome mwaka huo haikuvizuia kabisa, bali iliviwekea masharti. Kwa sababu hiyo mtu aweza kuingia kwa neno lake la siri katika Chrome na kukubaliwa, lakini katika Safari akaambiwa aingie tena na tena kama mgeni.

La nne ni vyeti. Kila tovuti ya salama huonyesha cheti, nacho hukubaliwa ikiwa kimetolewa na mkubwa anayejulikana. Orodha ya wakubwa hao huwekwa ndani ya simu, au ndani ya kivinjari chenyewe. Shirika la Let's Encrypt, ambalo hutoa vyeti bure kwa tovuti nyingi sana, lilikuwa likitegemea cheti mama cha zamani kilichokwisha muda wake tarehe 30 Septemba 2021. Simu za Android zilizotangulia toleo la 7.1.1 hazikukijua cheti mama kipya. Ulifanywa mpango wa kuziokoa kwa muda, nao ukafika mwisho mwaka 2024. Wenye simu hizo walishauriwa watumie Firefox, kwa kuwa Firefox ilichukua orodha yake yenyewe badala ya kutegemea ile ya simu. Huu ni mfano wazi: simu moja, laini moja, saa moja, na bado kivinjari kimoja chakataa na kingine chakubali. Katika fungu hili nitaongeza tarehe ya simu. Betri ikitolewa, simu nyingine hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma, na cheti cha leo huonekana kwao kama cheti ambacho hakijaanza kufanya kazi.

La tano ni kivinjari chenye mpunguzaji njiani. Opera Mini, iliyoanza kutolewa kwa dunia nzima mwezi wa Januari 2006 na kampuni ya Opera ya Oslo, Norwei, iliwafaa sana watu wa Afrika. Katika hali yake ya kubana sana, simu haiuleti ukurasa yenyewe. Seva za Opera huusoma kwanza, huupunguza uzito, kisha huupeleka kwenye simu. Kwa njia hii hata kitochi chaweza kusoma ukurasa mkubwa kwa bando dogo. Lakini programu za JavaScript hapo hufanya kazi kule kwenye seva, wala si mkononi mwako, nazo hupewa sekunde chache tu kisha husimamishwa. Ombi ambalo lingetumwa baadaye, au jibu lililochelewa kurudi, hukosa mtu wa kulipokea. Basi kivinjari hicho si kibovu. Kilitengenezwa kwa kusoma, na wewe wakitumia kwa kujaza fomu. Dawa yake ni kuondoa hali ya kubana sana, au kutumia kivinjari kingine kwa kazi hiyo moja.

Likizo iliyopita nilimwona kijana mmoja wa huku milimani aliyekuwa akituma maombi ya chuo. Alikuwa na kivinjari cha kubana bando, na orodha ya kozi haikuja hata mara moja. Alingoja siku mbili akidhani mtandao utatulia. Siku ya tatu akapanda gari kwenda Mbinga mjini, akaenda steshenari, na mwenye duka hakufanya kazi kubwa. Alichukua simu ile ile ya kijana, akafungua anwani ile ile kwa kivinjari kingine kilichokuwamo tangu siku simu iliponunuliwa, na orodha ikaja. Kijana alifurahi, maana siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. Lakini nauli ilikuwa imekwisha kutumika, nayo ilikuwa fedha ya mbolea ya mama yake.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Katika maabara tumefundishwa kwamba mtu akibadili mambo mawili kwa pamoja hawezi kujua lipi limeleta matokeo. Kanuni hiyo hiyo yatufaa hapa. Badili kitu kimoja tu, kisha tazama.

Kwanza, andika uonacho. Andika jina la kivinjari na toleo lake, saa, na maneno yoyote yaliyotokea. Usiseme tu kwamba haifunguki. Kuna tofauti kubwa kati ya ukurasa usiofunguka kabisa na ukurasa uliofunguka bila orodha.

Pili, tazama tarehe na saa ya simu. Hii ni kazi ya nusu dakika, nayo haina gharama.

Tatu, tumia kivinjari kingine katika simu ile ile, kwa laini ile ile, papo hapo. Kikifanikiwa, kosa limo katika kivinjari cha kwanza au katika jinsi ukurasa ulivyoandikwa kwa ajili yake. Mtandao hauna hatia. Vyote viwili vikishindwa, jaribu kivinjari kile cha kwanza katika simu nyingine yenye laini nyingine. Kikishindwa hata huko, yaelekea taabu iko kwenye seva. Kikifanikiwa, taabu iko katika simu yako au laini yako. Badili laini peke yake upate kujua ni ipi.

Nne, rudi kwenye kivinjari kilichokataa ufungue ukurasa katika hali fiche. Ukifunguka, kosa limo katika akiba, au vidakuzi, au programu za nyongeza zilizotiwa ndani yake, kama zile za kuzuia matangazo. Programu hizo pengine huzuia ombi la halali kwa kulidhania tangazo.

Tano, ikiwa una kompyuta, bonyeza F12. Katika Chrome, Firefox na Edge hufunguka ubao unaoonyesha kila ombi lililotoka na namba ya jibu lake. Namba 200 maana yake jibu limekuja vizuri. Namba 304 maana yake seva imesema kwamba jibu lililo akibani halijabadilika, basi litumike lile. Namba 403 maana yake umekataliwa ruhusa, na 404 maana yake kitu kilichoombwa hakipo. Namba zianzazo kwa 5, kama 500 na 503, maana yake seva yenyewe imeshindwa au imezidiwa. Hapo kubadili kivinjari ni kupoteza wakati, heri urudi usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Ombi likiwa halina namba yoyote, basi ama lilipotea njiani, ama kivinjari chenyewe kililizuia, na ubao wa makosa ulio karibu utakueleza sababu. Na ikiwa hakuna ombi lililotoka kabisa, programu imekufa kabla ya kutuma. Huo ni ugonjwa wa kwanza.

Sita, waandikie wenye tovuti. Barua isemayo mfumo wenu mbovu haimsaidii mtu. Barua isemayo kwamba kwa kivinjari fulani, toleo fulani, saa fulani, orodha ya wilaya haikuja, lakini kwa kivinjari kingine katika simu ile ile ilikuja, hiyo humpa fundi mahali pa kuanzia.

Sisi wa bweni haturuhusiwi kuwa na simu shuleni. Kwa hiyo haya twaweza kuyajaribu katika kompyuta za shule, na wakati wa likizo kwa simu za wazazi na ndugu zetu. Wazazi nao wasione haya kutuomba tuwasaidie, wala sisi tusiwacheke.

ONYO KABLA YA KUFUTA

Watu wengi wakipata taabu hukimbilia kufuta kila kitu kilicho ndani ya kivinjari. Nataka kuonya juu ya jambo hili kwa mfano wa hospitali.

Mwaka 2011 nchi ya Kenya ilieneza mfumo uitwao DHIS2, uliotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, kwa ajili ya kukusanya hesabu za afya nchi nzima. Tanzania nayo huutumia. Mhudumu wa afya hujaza hesabu katika kivinjari, kama vile idadi ya watoto waliochanjwa. Watengenezaji walijua kwamba vijijini mtandao hukatika mara kwa mara. Kwa hiyo waliupa mfumo uwezo huu: ombi la kupeleka hesabu likishindwa, hesabu huwekwa ndani ya kivinjari chenyewe, na mtandao urudipo hupelekwa. Hii ndiyo maana vivinjari vipya kama Chrome na Firefox vilipendekezwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa vilikuwa na ghala la ndani la kuaminika.

Sasa fikiri mtu akifuta habari zote za kivinjari kabla hesabu hazijapelekwa. Ghala hilo nalo hufutwa, na kazi ya mwezi mzima hupotea. Kwa hiyo kabla ya kufuta, hakikisha hakuna kilichobaki bila kupelekwa. Na ndiyo sababu nimeiweka hali fiche mbele ya kufuta, maana yenyewe haiharibu kitu.

Onyo la pili ni juu ya kubonyeza mara nyingi. Ombi la kupeleka likikawia, usibonyeze kitufe mara tano. Pengine ombi la kwanza limekwisha kufika, na jibu lake tu ndilo lililopotea njiani. Kwanza ingia upya utazame kama maombi yako yameandikwa, au kama malipo yako yamepokelewa. Vinginevyo waweza kutuma mara mbili, au kulipa mara mbili.

KWA WATAKAOTENGENEZA

Wako kati yetu watakaokuwa mafundi wa programu, na huenda mmoja wao ndiye atakayeandika fomu itakayojazwa na wadogo zetu wa Ukata, Kigonsera na Mbamba Bay. Kwake nasema maneno matatu. Kila ombi liwekewe muda wa mwisho wa kungoja, na neno la kumwambia mtu likishindwa. Kila ukurasa ujaribiwe kwa vivinjari zaidi ya kimoja, na kimojawapo kiwe katika simu ya bei ndogo yenye mtandao hafifu, wala si katika kompyuta mpya ya ofisini peke yake. Na pale iwezekanapo, fomu ifanye kazi hata bila programu hizi, japo kwa mwendo wa pole, kwa kufungua ukurasa mzima upya kama ilivyokuwa zamani. Fomu ya pole inayofika ni bora kuliko fomu nzuri isiyofika.

Nasi tunaotumia tuna wajibu wetu. Tusingoje siku ya mwisho, maana uchunguzi nilioueleza wahitaji saa moja au mbili za utulivu. Na tukimwona mtu ameketi kando ya njia, akiinua simu juu kutafuta mnara huku duara likizunguka, tumwulize kwanza swali moja: je, umejaribu kwa kivinjari kingine? Swali hilo halina gharama, na huenda likamwokolea nauli ya kwenda Mbinga.